Nani Ameniulizia Leo?

Mtu ana ploti tatu Waithaka. Nyumba za mawe, matangi ya maji juu ya paa, wapangaji wamejaa, na nyuma ya nyumba yake ana ng'ombe wawili wa gredi wanaokula vizuri kuliko mimi. Halafu kila asubuhi unamkuta Parklands, kwenye veranda ya duka, ameinamia mashini akishonea watu blauzi. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema mengi. Sikuyasema kwa sauti, maana mama yangu alinilea na adabu, lakini moyoni niliyasema yote, tena kwa Kijaluo, ambako maneno ya namna hiyo hufika vizuri zaidi.

Jina lake Wanjugu, lakini sote tulimwita Mama Muchiri, kwa mwanawe wa pekee. Mimi ni Peres, Mama Haron. Mashini zetu zilikaa bega kwa bega nje ya duka la vitambaa la mzee Tarsem, Kalasinga mpole ambaye hakutudai kodi ya veranda mradi tufagie na tusigombane mbele ya wateja. Nasimulia habari za mwaka wa 2005. Nilikuwa naishi Kangemi kwenye chumba kimoja cha mabati, Haron yuko sekondari ya bweni, na baba yake alikuwa amekwenda kutafuta kazi Mombasa akaipata kazi akatupoteza sisi. Siku nisiposhona, hatuli. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi hivyo.

Kazi zangu zilikuwa zile ndogo. Pindo za sari, vifungo, zipu, shanga zilizong'oka. Kazi kubwa zote, yaani blauzi za maharusi wa Kihindi, zilikuwa za Mama Muchiri. Hapo ndipo iliponiuma. Mwenye shibe anakaa kwenye sufuria, na mwenye njaa anaokota makombo, na wote wako veranda moja. Haki iko wapi hapo?

Na kulikuwa na jambo lingine lililonichemsha. Siku akichelewa kidogo, labda ng'ombe ana shida au mvua imeharibu barabara ya Waithaka, alikuwa akifika na sweta lake na kiondo chake, na kabla ya salamu, kabla hata ya kuweka kiondo chini, alikuwa akiniuliza, "Mama Haron, nani ameniulizia leo?"

Yawa! Hata habari ya asubuhi hakuna. Nami nilikuwa najibu nikiwa nimekaza meno, "Mama Hiral amekuulizia. Na yule wa karibu na hekalu amekuulizia." Uso wake ulikuwa ukiwaka kama amepewa mtoto ambebe. Mimi nikasema, tazama tamaa ilivyo.

Siku moja nilichoka nikamuuliza waziwazi. "Mama Muchiri, kwani kodi ya ploti zote hizo haikutoshi?"

Akacheka. "Inatosha. Inabaki."

"Sasa hapa unatafuta nini?"

"Nyumbani kuna baridi," akasema, akaendelea kukanyaga mashini. Siku nyingine nilipomuuliza alisema ng'ombe wanakula sana. Siku nyingine akasema anakimbia umbea wa Waithaka. Mwanamke yule alikuwa na majibu kama vile nilivyokuwa na vifungo, ya kila rangi, na hakuna hata moja lililoniridhisha.

Lakini Mgala muue na haki umpe. Mkono ule! Aliingia duka lile akiwa msichana wa kufagia, enzi za baba yake Tarsem. Mama yake Tarsem akaviona vidole vyake, akamkalisha, akamfundisha, na alipokuwa anakufa alimwachia mkasi wake, mkasi mzito wa chuma wenye mpini uliolika. Hakuna mtu aliyeugusa mkasi ule. Mimi nilikaa naye miaka na sikuwahi kukata nao hata uzi.

Tena alikuwa na namna yake ya kupima. Mtu mwingine yeyote alimpima kwa futi kama sisi wote. Bibi harusi, hapana. Bibi harusi alimsimamisha, akamwambia ainue mikono, halafu akamwekea viganja mbavuni, akaanza kupiga domo. Huyo kijana ni wa wapi? Anajua kupika chai, ama atakaa kukungoja wewe? Anakoroma? Aliongea hivyo mpaka msichana acheke. Akicheka tu, Mama Muchiri anatoa mikono na anakwenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Nilipomuuliza kwa nini, hilo alinijibu vizuri. "Bibi harusi akija hapa ana hofu. Amebana pumzi. Ukimpima amebana pumzi, utamshonea blauzi ya hofu, na siku ya harusi itampasukia." Kuna vitu mtu akikwambia unaona haya kuendelea kumkasirikia, lakini nilijitahidi.

Basi, Muchiri. Huyu alikuwa kijana wa benki, ofisi yake katikati ya mji, suti kila siku, gari dogo la buluu. Alimpenda mama yake kweli. Yeye ndiye aliyesimamia zile ploti zikajengwa kwenye shamba aliloacha baba yake. Lakini huko kanisani kwao walikuwa wameanza kumng'ong'a. Muchiri anaendesha gari, mama yake anashonea Wahindi verandani. Muchiri anakula kodi, mama anakula vumbi. Ukimjua Mkikuyu wa Waithaka mwenye heshima zake, utajua neno kama hilo linavyomnyima usingizi.

Kwa hivyo akafanya kile ambacho watu wa huko hufanya wakitaka kumheshimu mzazi. Akaandaa ibada ya shukrani. Hakumuuliza mama. Kwani mtu huuliza kama anaweza kukuheshimu?

Nilialikwa, nikaenda. Hema mbili nyeupe uani, mbuzi wamechinjwa, mukimo umerundikwa kwenye masinia, kina mama wa kanisa na vitambaa vyao vya kichwa, mchungaji, kwaya, keki. Mama Muchiri alivishwa shuka mpya mabegani na kukalishwa kwenye kiti kilichofika siku hiyo hiyo, kiti kikubwa cha ngozi kinachoegemea nyuma na kuinua miguu chenyewe. Kilikuwa bado na plastiki yake. Kila akijisogeza kinalia.

Muchiri akashika kipaza sauti. Aliongea vizuri mpaka wengine wakalia. Alisema mama yake alimsomesha kwa sindano, alimvisha kwa sindano, na sasa zamu ni yake. "Mbele ya Mungu na mbele yenu," akasema, "kuanzia leo mama yangu amepumzika. Mkimwona tena anafanya kazi Parklands, jueni mimi si mtoto wa kumfaa." Watu wakapiga makofi, vigelegele vikapaa. Halafu nikasikia jina langu.

"Mama Haron, njoo hapa mbele. Mama, mkabidhi huyu mwenzako."

Alikuwa ameutoa mkasi kwenye kiondo cha mama yake, akauweka mkononi mwake ili anipe mimi, kama vile askofu anavyokabidhi fimbo. Nilikwenda mbele nikiwa mwepesi. Nani asingekuwa mwepesi? Maharusi wote wa Parklands walikuwa wanahamia kwangu, na karo ya Haron ilikuwa kwenye ncha ya mkasi ule. Nikaushika. Nikavuta. Haukuja.

Nikavuta tena. Mama Muchiri alikuwa anatabasamu kuwatazama watu, meno yote nje, lakini vidole vyake vilikuwa vimeung'ang'ania mpini. Tulivutana hivyo mbele ya kanisa zima, wao wakidhani tunashikana mikono kwa upendo. Halafu akamtazama mwanawe, alivyokuwa anafuta machozi kwa furaha, na vidole vikalegea. Nikarudi kukaa na mkasi mapajani. Ulikuwa na joto la mkono wake.

Jumatatu nikakaa verandani peke yangu. Mashini yake ilikuwa imepelekwa Waithaka na mahali pake palibaki doa la mafuta sakafuni. Wateja wakaja, na sitasahau. Kila mmoja, kila mmoja, alitazama lile doa kwanza. "Wanjugu iko wapi?" Amepumzika. "Nani alimwambia apumzike?" Bibi mmoja wa Kiislamu mwenye miwani minene alisimama pale akitingisha kichwa kana kwamba nimemwambia kuna msiba. Mzee Tarsem mwenyewe alitoka nje na kikombe cha chai, akapitisha macho, akarudi ndani na chai. Alikuwa amezoea kumletea yeye.

Baada ya siku chache akaja Kamlesh, yaani Mama Hiral, na Hiral mwenyewe. Kamlesh alishonewa blauzi ya harusi na Mama Muchiri, na dada zake pia, na sasa ilikuwa zamu ya Hiral. Wakaikunjua sari. Ilikuwa hariri nyeupe na pindo jekundu, ile wanayovaa maharusi wao, na bibi yake Hiral alikuwa ameileta kutoka Gujarat mwenyewe kabla hajafa. Sasa, sari kama ile huja na kitambaa cha blauzi kimefumwa mwishoni, kipande kimoja tu, hakuna kingine duniani kinachofanana nacho. Mkasi ukiteleza hapo, sari imebaki yatima.

Nikampima Hiral kwa futi. Alikuwa amekakamaa kama mlingoti. Nikajaribu kumuuliza kama kijana wake anakoroma. Akanitazama kama nina wazimu. Nikainamia hariri, nikafungua mkasi, nikaufunga. Nikasema nitulie kidogo. Nikaufungua tena, nikaufunga tena.

Kamlesh aliniwekea mkono begani, bila ukali. "Peres, wewe fundi mzuri. Lakini hii ngojea." Akaikunja sari yake. "Wanjugu gonjwa? Hapana? Sasa kwa nini hayuko?" Akasema kama hapatikani wiki hiyo, watatafuta fundi mwingine huko mjini, maana harusi haingoji.

Nilikasirika siku nzima, kwanza na Kamlesh, halafu na mkono wangu, na mwisho na Muchiri. Kesho yake nikafunga mashini mapema nikaenda Waithaka.

Nilimkuta sebuleni, mchana kweupe, kwenye kile kiti. Miguu imeinuliwa juu, televisheni inaongea peke yake, chai mezani imeota utando. Mashini yake ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha kufumwa na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Yawa, nilihisi kama nimekuta kaburi ndani ya nyumba. Alikuwa amekonda usoni. Msichana wa kazi aliniambia mlangoni kwamba hali chakula vizuri.

Nikaketi. Nikamwambia kuhusu Hiral. Akajiinua ghafla mpaka kiti kikalia.

"Alisema nini? Alisema fundi yuko wapi, ama alisema Wanjugu?"

"Wanjugu. Wote wanasema Wanjugu. Hata mzee Tarsem anatoka na chai yako anarudi nayo."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka bila sauti, akayafuta kwa ncha ya shuka ile ya shukrani.

"Basi rudi kazini," nikamwambia. Nilijisikia mwenyewe nikisema hivyo, mimi niliyeombea aondoke.

"Siwezi. Muchiri amesema mbele ya kanisa. Nikionekana Parklands, nimemwambia mtoto wangu si mtoto. Afadhali nikae hapa nife na miguu juu."

"Na kama ni upweke, si uwashonee tu watu hapa nyumbani, bure? Pesa si unayo?"

Akanitazama kwa ule ukali wake wa zamani, na nikafurahi kuuona. "Bure? Mtu akija bure amekuja kumsalimu mwanamke mzee. Akilipa amekuja kwa sababu ya mkono wangu. Hizo si salamu za aina moja, Mama Haron."

Hapo ndipo nilipoanza kuyaonea haya maneno yote niliyomsema moyoni miaka ile. Lakini Hiral hakuwa na muda wa mimi kutafakari. Nikamwambia kama yeye haendi Parklands, Parklands itakuja kwake. Jumamosi nitawaleta hapa.

Wakaja kweli. Gari la Parklands likaingia ile njia ya Waithaka likikwepa mashimo na kuku, wapangaji wakatoka milangoni na watoto kiunoni. Kamlesh, Hiral, na mimi nimekaa mbele na mkasi kwenye mkoba. Mama Muchiri alikuwa amevaa nguo yake ya kazi. Meza yake ya kulia ilikuwa nyembamba na imepinda, hariri isingelala juu yake. Akatazama huku na huku. Halafu akamwamuru msichana wa kazi alete ule ubao mpana wa kupigia pasi na shuka safi, akaulaza juu ya mikono ya kile kiti cha ngozi. Meza ya kukatia ikapatikana.

Akamsimamisha Hiral. Akamwekea viganja mbavuni. "Huyu kijana, anajua kupika chai?"

"Shosh, hata maji anaunguza," Hiral akasema, akimwita bibi kwa Kikikuyu, na kicheko kikamtoka, kicheko cha tumboni, cha msichana aliyekuwa amebana pumzi kwa wiki nzima. Mama Muchiri akatoa mikono, akanyoosha kiganja kwangu bila kugeuka. Nikautoa mkasi. Safari hii hakuna aliyevuta.

Mlango ukafunguka. Muchiri. Ameona gari la watu getini, ameona wapangaji wamejazana, na sasa anaona hariri imetandazwa juu ya kiti chake cha shukrani na mama yake ameiinamia na mkasi. Akafungua mdomo.

"Nyamaza!" nikamfokea, mfanyakazi wa benki na suti yake. "Mkasi uko njiani."

Akanyamaza. Na hapo, nawaambia, niliona jambo. Mama Muchiri hakutumia chaki. Hakutumia futi. Aliiweka ile hariri chini ya kiganja chake cha kushoto, akavuta pumzi, na mkasi ukaingia. Ukaenda bila kusimama, ukapinda kwapani, ukashuka, ukazunguka shingo, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayepasua jani la mgomba polepole. Mgongo wake, uliopinda kwa miaka ya kuinamia mashini, ulikuwa umenyooka. Nywele zangu zilisimama. Miaka yote nilikaa kando yake nikitazama kiasi anachopata na sikutazama hili. Muchiri naye, aliyesomeshwa na mkono ule kuanzia darasa la kwanza, alikuwa hajawahi hata siku moja kuuona ukikata. Alisimama pale mlangoni na funguo za gari mkononi, mdomo wazi, kama mtoto aliyeonyeshwa bahari.

Mkasi ukatoka upande wa pili. Hiral akatazama vile vipande, akainama chini kabisa, akagusa miguu ya Mama Muchiri, jinsi wanavyofanya kwa wazee wao kabla ya harusi kuomba baraka. Kamlesh akafungua mkoba akamlipa. Naye Mama Muchiri, mwenye ploti tatu, akaipokea ile pesa kwa mikono miwili na kuitia ndani ya sweta kama msichana aliyepata mshahara wa kwanza.

Muchiri alingoja gari liondoke. Sauti yake haikuwa ile ya kipaza sauti. "Mama, kuna kitu nilikunyima?"

"Hakuna, mwanangu. Kiti ni kizuri. Ploti ni nzuri." Alikuwa anakunja masalio ya hariri, hata uzi mmoja hakuutupa. "Lakini kodi huingia nikiwa nimelala. Nikifa leo, mwisho wa mwezi itaingia kama kawaida, na hakuna mpangaji atakayeuliza Wanjugu yuko wapi. Mimi nataka mahali ambapo nikikosa siku moja tu, mtu anaulizia."

Muchiri akakaa chini kwenye stuli. Nami nikatoka nje kuwatazama ng'ombe, kwa sababu nilikuwa nalia, na sipendi kuonekana.

Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani. Sikuwepo, nilisimuliwa. Alisema, "Nilisema mama yangu amepumzika. Nilisema kabla ya kumuuliza. Mkimwona Parklands, jueni ni mimi niliyempeleka." Wengine wakacheka, kina mama wakapiga makofi kuliko siku ya mbuzi.

Na Jumatatu gari la buluu likasimama mbele ya duka la Tarsem. Muchiri akashuka na suti yake ya benki, akabeba kichwa cha mashini begani, mafuta yakimchafua kola, akapanda ngazi, akakiweka palepale kwenye doa lake. Mama yake alikuwa bado anahangaika na mlango wa gari. Tarsem alikuwa tayari anatoka na chai.

Muchiri akanigeukia, anahema.

"Mama Haron," akasema, kabla ya salamu, "nani amemuulizia leo?"